Miche Elfu Kumi na Nane

Basi lilikuwa limeiacha Mafinga, miti ya misindano ikipita dirishani kilima baada ya kilima, Anjela aliposikia mama wa kiti cha mbele akimwambia jirani yake, "Nimeichoma yote. Miche elfu kumi na nane ya misindano."

Jirani yake, mzee Halfani, mfanyabiashara wa mbao wa Mbeya, alishika kifua kama mtu aliyeona ghala lake likiungua. "Yote, dada Faustina? Si umesema ilinyauka tuta moja tu?"

"Tuta moja, kaka. Lakini fangasi hii inaanzia mizizini. Mche unauona wa kijani, ukiung'oa, mizizi imeoza."

"Ungeiuza ile mizima! Watu wana mashamba yanasubiri mvua."

"Ingeondoka na udongo wa kitalu changu. Chembe ndogo kuliko unga wa ulezi, kaka, ingefika kule." Akaonyesha vilima.

Anjela alitazama. Tangu utotoni aliiona miti ile imesimama, wala hakuwahi kuwaza kwamba inaweza kufa.

"Nani alikuamuru?" Halfani akauliza.

"Hakuna. Bwana misitu alikuwa hajaja kupima."

"Na kama siyo huo ugonjwa?"

Faustina akamgeukia. "Basi nimechoma miche mizima. Na kama ndio wenyewe?"

Basi likasimama kituo kilichofuata. Faustina akachukua mkoba wake akaelekea mlangoni. Anjela akasimama kumpisha, ingawa njia ilikuwa wazi.