Learco na Wali wa Bari

Learco alirudi Ferrara kutoka Bari siku ya Jumanne, na Jumatano asubuhi alikuwa kijiweni kama kawaida, kwenye benchi la mbele ya mkahawa wa Ornella, uso umemshuka. Kushoto kwake alikaa Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama shahidi wa ugomvi wa baiskeli. Kulia alikuwa Ukungu, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila balaa la mji ule aliusingizia ukungu. Watatu hao walikwisha kuihukumu Italia nzima kwa chakula, mkoa kwa mkoa, bila kwenda popote. Hukumu ilikuwa moja: hakuna kinachoishinda kapelachi ya Ferrara, vile vifuko vya unga vilivyoshindiliwa boga. Watu wa kusini, walisema, wanakula kile ambacho bahari imekitema.

Kilichompeleka Learco kusini ni posa. Binti yake, Morena, alichumbiwa na Sabino, kijana wa Bari anayefanya kazi Ferrara, na ilibidi wakwe waonane. Kabla hajapanda treni Morena alimwomba jambo moja tu: baba, kula utakachopewa. Learco akaitikia vizuri, kisha akaficha salami mbili, zile soseji kavu za kwao, chini ya mashati.

— Haya, wamekulisha nini huko? Wakili aliuliza.

— Wali mweupe. Siku mbili. Na nilijitakia mwenyewe.

Akawasimulia. Siku ya kwanza alitengewa pweza mbichi, anameremeta sahanini kana kwamba bado ana shughuli zake. Learco akashika tumbo, akasema ana vidonda vya tumbo. Uongo ulimtoka kabla hajaukagua. Bi Filomena, mama yake Sabino, alimhurumia kwelikweli. Akamchemshia wali usio na chumvi, akamsimamia mpaka akaumaliza. Ukoo mzima ukala pweza, ukala tambi za umbo la masikio kwa mboga chungu, ukala mikate ya nyanya inayochuruzika mafuta. Learco akala wali. Alipokimbilia sanduku lake, alikuta salami hazipo. Bi Filomena alikuwa amezigawa kwa majirani ili mgonjwa asishawishike.

Siku ya tatu watu walikwenda kanisani, yeye akabaki kwa ajili ya ugonjwa wake. Jikoni kulikuwa na sinia limetoka kwenye jiko la kuokea, wali wa kome na viazi, juu umekauka rangi ya dhahabu. Alijiambia atanusa tu. Halafu akajiambia atakwangua pembeni tu. Bi Filomena aliporudi kuchukua mtandio aliousahau, mkwe wake alikuwa amesimama na upawa mkononi, robo ya sinia haipo, maganda ya kome yamejaa mfuko wa koti.

— Vidonda vimepona? aliuliza mama yule.

— Naona vinapungua, mkwe.

Bi Filomena hakucheka wala hakununa. Alimpa sahani na kiti, akampakulia tena, akamuuliza kwao wanakula nini. Na Learco, kwa aibu, akasifia kapelachi mpaka akapitiliza, akadai kwamba nyumbani anazipika mwenyewe kwa mkono wake. Lakini lililomuuma zaidi, aliwaambia wenzake, ni kwamba ule wali ulikuwa mtamu, na hata treni ilipoondoka alikuwa bado anautamani.

Kijiwe kikatafakari msiba huo. Wakili alisema ni hewa ya bahari, inapanua tumbo, na mtu aliyepanuliwa tumbo hawezi kuhesabiwa kosa. Kisha akaongeza kwamba treni ya kusini inateremka, kwa hiyo tumbo linamtangulia mwenyewe na linafika likiwa tupu.

— Ni ukungu, alisema Ukungu. Hapa ndimi zetu zimelala tangu Novemba. Jua la kule limeuamsha wako. Ndiyo kusema hata kapelachi hatujawahi kuzionja sawasawa. Huenda ni mbaya.

Wakili akajisogeza mbali naye kidogo. Ornella akaleta kahawa ya pili bila kuulizwa.

Hapo Sabino akatokea akikokota baiskeli. Akawaamkia wazee kwa adabu, akamgeukia Learco.

— Baba, mama anakuja Jumapili. Anataka kula kapelachi zako. Amenituma nikuulize, boga huwa unalichemsha au unalioka?

Learco akamtazama Wakili, Wakili akamtazama Ukungu, Ukungu akatazama kikombe. Wote wamekula kapelachi tangu walipoota meno. Marehemu mke wa Learco, Iride, alizitengeneza kila Jumapili ya ndoa yao, na yeye alikaa chumba cha pili akiuliza kama bado. Tangu afariki, Learco alizinunua dukani, akala huku akilalamika kwamba hazifanani na za mkewe. Hakuwahi hata siku moja kusimama mlangoni kutazama mikono ya Iride inafanya nini.

— Sijui, mwanangu, alisema.

Sabino alisubiri, akidhani ni utani. Alipoona si utani, akaegemeza baiskeli ukutani, akaketi mwisho wa benchi.

— Mwambie mama aje Jumamosi, tuzijaribu pamoja, alisema Learco. Boga nitanunua mimi. Akitaka kunicheka, anichekee jikoni.

Wakili akakohoa, akauliza kama na yeye anaruhusiwa kuja kutazama.