Fidelina Villasboa na Ukurasa wa Kumi na Moja

Wasikilizaji wapendwa, tumemzika Fidelina Villasboa. Tumemzika Jumamosi, hapa hapa Villarrica, mji alikozaliwa. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Alikuwa mwanahesabu. Nalirudia neno hilo, kwa sababu makaburini wapo waliosema alikuwa mwalimu wa hesabu tu. Kufundisha alifundisha, tena miaka arobaini, na kwa Kiguarani, lugha ya wenyeji wa hapa, hata pale wakubwa walipomkataza. Lakini kazi yake hasa ilikuwa mafundo.

Ndiyo, mafundo ya kamba.

Baba yake, Karai Silvano, alisuka kamba za ngozi za kukamatia ng'ombe. Fidelina akiwa na miaka tisa, baba alichukua kipande cha kamba, akapiga fundo, kisha akazishona ncha mbili zikawa kitu kimoja. Akamrushia mtoto, akamwambia alifungue bila kukata. Fidelina alikaa nalo siku tatu. Siku ya nne akalirudisha, akasema halifunguki.

"Halifunguki, au wewe umeshindwa?" baba akamuuliza.

Dada yake mdogo, Bi Eligia, anasema swali hilo lilimwondolea Fidelina hamu ya kula. Kushindwa ni jambo moja. Kuthibitisha kwamba hata atakayezaliwa kesho atashindwa ni jambo jingine kabisa. Fidelina alitaka hilo la pili, akalitafuta maisha yake yote.

Alisoma Asunción, mji mkuu, na huko alikutana na Anselmo Arrúa. Wasikilizaji, shikeni jina hilo. Anselmo naye alikuwa mtu wa mafundo. Walikaa kwenye ngazi za chuo, kibuyu cha tereré, chai yetu ya baridi, kikienda na kurudi kati yao, wakichora kamba kwa chaki hadi mfagizi akawafukuza. Mwaka 1976, enzi za utawala wa kijeshi, polisi walipekua chumba cha Anselmo, wakakuta karatasi zimejaa alama na mishale. Wakaamini ni maandishi ya siri ya wapinzani. Anselmo alivuka mpaka, akaenda Brazili, akapata kazi ya kufundisha Curitiba. Fidelina alibaki. Mama yao alikuwa kitandani, na Eligia alikuwa bado msichana.

Basi wakaandikiana barua. Miaka sita ya barua. Bi Eligia alizifungua kwa siri, akitafuta mapenzi.

"Nilimwambia, dada, huyu mwanamume ni mgonjwa? Kurasa nane, na sijaona 'mpenzi' hata moja. Akanijibu, geuza ukurasa wa mwisho. Nikageuza. Ameandika: msalimie mama, mwambie nina hamu na chipa yake, ule mkate wa jibini. Dada akasema, umeona? Amesema yote."

Kutokana na barua hizo ilizaliwa kanuni yao. Inaonyesha namna ya kuyatambua mafundo ya aina fulani: lipi linafunguka, lipi halitafunguka milele. Ilichapishwa mwaka 1982. Wanahesabu hupanga majina kwa alfabeti, bila kujali nani kafanya nini. Ikawa kanuni ya Arrúa na Villasboa. Arrúa mbele. Kwa uvivu wa ulimi, watu wakaiita kanuni ya Arrúa.

Utawala ule wa kijeshi ulipoanguka, Anselmo akaanza kuja Villarrica kila Wiki Takatifu. Kila mwaka aliahidi: akistaafu, atahamia huku. Fidelina alimwandalia chumba cha upande wa barabarani. Alikipaka chokaa kwa mikono yake. Akatundika ubao mkubwa ukutani, kwa sababu Anselmo alifikiri akiwa amesimama. Jirani, Ña Catalina, alimtania kwamba mabibi harusi wengine hununua kitanda kwanza. Fidelina akasema kitanda kinaweza kungoja, ubao hauwezi.

Mwaka 2001 ulikuwa wa mwisho wa Anselmo kazini. Chuo cha Curitiba kilipanga kuupa ukumbi wake jina la Arrúa, kwa heshima ya kanuni ile. Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, Fidelina alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake kanuni ile ile. Wanafunzi walimjua kwa jambo moja: ukiandika "ni dhahiri" katika jibu lako, alikurudishia karatasi bila kuisoma. Aliwaambia kila mvivu hujificha nyuma ya neno hilo. Basi msichana mmoja akafungua ukurasa wa kumi na moja, akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu zote, "Profesa, hapa mmeandika 'ni dhahiri'. Ni dhahiri kwa nini?"

Darasa likacheka. Fidelina naye akacheka. Akageukia ubao ili amjibu. Alisimama hapo na chaki mkononi mpaka kipindi kikaisha.

Haikuwa dhahiri. Wala haikuwa kweli kwa mafundo yote. Sentensi ile ilikuwa yake yeye, Fidelina. Aliikumbuka hata barua alimoiandika.

Alimwandikia Anselmo kwanza. Anselmo akakubali kosa lipo. Akaomba jambo moja: asubiri mpaka Desemba, ukumbi upewe jina, astaafu, aje. Kosa limelala miaka kumi na tisa, miezi saba itamdhuru nani? Bi Eligia alikubaliana naye. Alimsihi dada yake awe binadamu.

Fidelina alijua watu walikuwa wakijenga juu ya kanuni ile. Kijana mmoja wa mji wa Rosario alikuwa ameweka tasnifu yake nzima juu ya ukurasa wa kumi na moja. Hakusubiri. Mwezi Juni alitangaza kwamba kanuni haisimami, na kwamba kosa ni lake peke yake. Lakini jina la mbele lilikuwa Arrúa. Ukumbi haukupewa jina. Kutoka Curitiba ikaja barua ya mstari mmoja: "Usiniwekee chumba."

Hiyo ndiyo barua ya mwisho, wasikilizaji. Miaka ishirini na miwili ya kimya ikafuata. Bi Eligia anasema kila Wiki Takatifu dada yake alikanda unga wa chipa ya watu watatu, nao walikuwa wawili. Alimwambia mara ngapi aandike neno moja tu, samahani, na mzee atapanda basi. Fidelina alikuwa akitoka nje, anasimama langoni, anatazama barabara ya kituoni.

Yule msichana aliyeuliza swali anaitwa Noelia Mareco. Mwaka 2014 aliliziba pengo. Alionyesha kwamba kanuni inasimama, ukiongeza sharti moja. Leo inafundishwa ikiwa na majina matatu. Bila tangazo lile la Juni, Noelia asingejua kwamba kuna pengo la kuzibwa. Huo ndio urithi wa Fidelina Villasboa, na hatuoni mkubwa kuushinda.

Tunampa pole Bi Eligia. Tunawapa pole wanafunzi wake wote. Na wewe unayetusikiliza, jiulize leo ni wapi umesema "ni dhahiri" ili usiulizwe zaidi, na nani amejenga nyumba yake hapo.

Mwaka jana Fidelina alikaa katika studio hii. Alikubali kurekodiwa kwa sharti kwamba sauti isirushwe akiwa hai. Tulimuuliza kama ana neno kwa Anselmo Arrúa. Juzi Bi Eligia alimpigia mzee Anselmo simu. Mzee akasema atasikiliza. Basi, mzee Anselmo, sikiliza.

"Anselmo, nimekutamani kila siku. Nasikia basi linafunga breki, moyo unaruka, mimi mwanamke mzima mwenye mvi. Ungekuja ningefurahi hadi nife. Lakini ukinirudisha Juni ile, ninaandika tena tangazo lile, siku ile ile, bila kungoja hata kesho yake. Eligia anataka nikuombe radhi. Sikuombi."