Mzee Koti Anahamia Simu Mpya

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, mbele ya chumba cha Dada Pindo, fundi cherehani. Aliliweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri nguo zao, lakini wateja hawakuwahi kulifaidi, maana lilikuwa na wenyewe. Kulikuwa na Breki, dereva wa lori aliyestaafu, aliyeitwa hivyo kwa sababu akianza kuongea hana kitu hicho. Kulikuwa na Hakimu, ambaye mahakamani hajawahi kufika hata kama shahidi, ila hukumu alikuwa nazo za kutosha mtaa mzima. Na kulikuwa na Fundi Simu wa chumba cha jirani, ambaye akikosa kazi alihamia hapo na bisibisi yake mkononi. Hakimu alileta chupa ya kahawa, Dada Pindo alitoa vikombe, na ubishi ulijileta wenyewe. Asubuhi hiyo uliletwa na Fundi Simu.

— Dada, simu hii imekwisha. Betri imevimba mpaka kioo kimenyanyuka. Ukiichaji tena, tutakuja kukuzoa na wewe.

Dada Pindo alisimamisha mguu kwenye cherehani.

— Si nimekuletea simu mpya? Nihamishie mchezo wangu, basi.

— Hapo ndipo penye shughuli. Watu watahama. Nyumba itahama na makochi yake. Ila kumbukumbu zao haziji.

— Haziji kivipi?

— Mchezo wa siku hizi haupokei kumbukumbu za ule wa zamani. Wataamka kule hawajuani. Nimejaribu kila njia, dada yangu.

Benchi zima liliujua mchezo huo. Ulikuwa ule wa kuumba watu, unawapa nyumba na kazi, halafu wanakula, wanagombana, wanaoana na kuzaa mbele ya macho yako. Wasichokijua wale wanaume ni kwamba aliyeuanza alikuwa marehemu mume wa Dada Pindo. Jioni walikuwa wakikaa kochi moja, simu katikati. Yeye akaumba kizee chembamba ndani ya koti kubwa, akakiita Mzee Koti. Mkewe akamuumba Bi Pindo. Wakawaozesha. Wakazaliwa watoto, akiwemo Kidevu aliyeunguza jiko siku ya harusi ya dada yake, wakaja wajukuu, vitukuu, hadi vilembwe. Mzee Koti alitakiwa awe amekufa zamani, ila marehemu alimzimia uzee kwenye mipangilio ya mchezo.

“Huyu hafi,” alisema. “Asije akamwachia Bi Pindo watoto wote hawa.”

Kisha akafa yeye.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla hajatia uzi kwenye sindano, Dada Pindo aliifungua simu. Mzee Koti alitoka chumbani akiburuta miguu, akamfuata Bi Pindo popote alipo, na juu ya kichwa chake kikatokea kijipovu: anakumbuka siku ya harusi. Hicho tu ndicho alichokuwa akifungulia simu. Vitukuu wangeweza kuunguza nyumba nzima, asingejali.

— Kwa hiyo hatamjua mkewe, alisema taratibu.

— Hatamjua. Ukoo nao umekatika. Kila mmoja kivyake, kama abiria.

— Haiwezekani! Breki alirukia. Wewe fundi hufikirii vizuri. Hujui hao ni ndugu? Wakiamka hawajuani, kijana atampenda dada yake! Unataka kumletea dada wa watu aibu humu ndani ya simu?

— Tuliza mzuka, alisema Hakimu huku akimimina. Kila jambo lina utaratibu. Tunawabadilisha majina kabla ya kuhama. Jina lenyewe libebe historia. Fundi, andika: Koti Mume wa Pindo Baba wa Kidevu Aliyeunguza Jiko.

Fundi Simu aliiwasha simu ya zamani kwa tahadhari, kama mtu anayemwamsha mbwa asiyemfahamu. Akaandika. Akawaonyesha.

— Mchezo umelikata jina. Limeingia hivi: Koti Mume wa Pi.

— Pi ndiye nani? aliuliza Breki.

— Ndiyo shida yenyewe, alisema Hakimu. Atakwenda kule anatafuta mwanamke anayeitwa Pi. Futa.

Dada Pindo hakucheka. Alikuwa na gauni la mtu mapajani, na alikuwa amekwisha kulichoma sindano sehemu ambayo haina mshono.

— Makochi si yanahama? aliuliza Breki. Basi na picha za ukutani zinahama. Wapige picha, uwatundike. Wakiamka wanajiona wenyewe ukutani.

— Wanajiona, lakini wanajuaje kama hiyo si nyumba ya kupanga? alijibu Hakimu. Mtu anaamka kwenye nyumba asiyoijua, ukutani kuna picha yake yuko na mwanamke. Mimi ningekimbia. Halafu kuna suala la urithi. Nyumba ni ya nani kama hakuna anayejua baba ni nani? Vilembwe watashtakiana, simu itapata moto.

— Tayari ina moto, alisema Fundi Simu.

Breki aliweka kikombe chini na kushusha sauti, jambo ambalo lilikuwa likimtokea kwa nadra sana.

— Nyie. Mmewahi kuingia chumbani mkasahau mlichofuata?

— Kila siku.

— Na mke wangu kaniambia mara ngapi kwamba kuna kitu aliniagiza, na mimi naapa hajaniagiza chochote? Sasa sikilizeni. Na sisi tulishahamishwa simu. Kuna mtu kanunua mpya, katuhamisha usiku tumelala, vitu vingine vimebaki kule. Ndiyo maana.

— Mkeo kumbukumbu zake mbona zilihama zote? aliuliza Hakimu.

— Yule alihamishwa na fundi mzuri.

— Basi na deni la yule kinyozi…

— Limebaki kule! Hilo ndilo nililomwambia, hataki kuelewa.

Wakabishana kama aliyewahamisha ni mwanamke au mwanamume, na kama anawalisha kwa wakati. Hakimu alikwisha fika kwenye hukumu ya kumtaka mtu huyo amrudishie nywele zake za ujana, alipogundua kuna mama mgeni amesimama pembeni, na sketi ya kupunguzwa imening'inia mkononi. Alikuwa akingoja wasogee, hawakusogea, akalazimika kuyasikia yote.

— Shikamooni jamani. Samahani, nauliza tu. Hao mzee na bibi, siku ya kwanza walipokutana, walikuwa wanajuana?

Hakimu alitazama ndani ya kikombe. Fundi Simu alianza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Lilikuwa swali ambalo hata mtoto angelijibu.

Dada Pindo aliweka gauni chini. Alikuwa ameikumbuka foleni ya maji ya mtaa wa zamani, na kijana mmoja asiyemjua kabisa, ndoo yake inavuja, anaomba nafasi ya mbele kwa sababu eti maji yake hayawezi kusubiri. Alimchukia palepale. Alimchukia vizuri tu, wiki nzima, kabla hajawa mumewe.

— Karibu mama, kaa, alisema. Breki, msogelee mwenzio. Fundi, nipe hiyo simu kidogo.

Aliifungua kwa mara ya mwisho. Mzee Koti akatoka chumbani, akamfuata Bi Pindo bustanini, kijipovu kikatokea. Dada Pindo alikitazama mpaka kikazimika chenyewe. Kisha akawapiga picha wote wawili, akaitundika ukutani sebuleni, akaongeza na ya Kidevu na jiko lake.

— Hamisha.

— Hakuna kurudi, dada.

— Nimesema hamisha.

Kahawa iliisha wakati wanangoja, na hakuna aliyelalamika. Simu mpya ilipowaka, vichwa vitano viligongana juu yake. Nyumba ilikuwepo. Picha zilikuwepo. Bi Pindo alikuwa amesimama uani, na Mzee Koti akatoka ndani.

— Haya, anakuja, alinong'ona Breki.

Mzee Koti alimpita Bi Pindo kama anapita nguzo ya umeme. Akazunguka ua, akamkuta mama jirani anamwagilia maua, akavua kofia.

— Wee! Breki alipiga paja.

— Mzee ana haraka huyu! alisema Fundi Simu.

— Talaka! alitamka Hakimu. Naitoa hapahapa!

Dada Pindo alicheka. Kilianza kicheko kidogo cha puani, kikashuka tumboni, mpaka akaukalia mkasi wake bila kuhisi, mpaka mama mgeni ikabidi amshike bega. Tangu msiba hawakuwa wamemsikia akicheka hivyo, na wanaume kila mmoja akajifanya anatafuta kifuniko cha chupa. Alifuta macho kwa upindo wa gauni la mteja. Kisha akaweka kidole kwenye kioo, juu ya Mzee Koti, na kumgeuza taratibu.

— Huko siko, baba, alimwambia. Njoo huku tujuane.