Nyundo ya Papa Zéphirin

Mimi Orpha, kifungua mimba wake, ndiye niliyepewa na jamaa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, Zéphirin Tshimanga. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa Likasi, mtoto wa mzee Kitenge, aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi.

Alisoma kwa mapadri huko Kapolowe, akarudi mjini kuwa karani wa stoo ya unga hadi alipostaafu. Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na Mama Émérence.

Lakini wengi wenu mlimjua kwa michezo ya kuigiza aliyotunga parokiani. Papa hakuamini kwamba mtu anaweza kuelewa funzo bila kuambiwa. Hadithi ilipopamba moto, aliisimamisha, akajitokeza mbele na kuhubiri. Vijana waliita hiyo "nyundo", kwa sababu ilitugonga kichwani. Katika mchezo wa mvuvi mlevi wa ziwa Tshangalele, yeye ndiye aliyekuwa maiti. Akainuka ndani ya sanduku, akaweka miwani sawa, akaeleza kwa nini amekufa. Ukumbi mzima ukafunika vichwa kwa mikono: "Nyundo inakuya!" Alicheka kuliko wote, kisha akaendelea kuhubiri.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Mdogo wangu Ruffin alikuwa anachimba shaba Kakanda, na kila simu ilipolia Papa alishtuka: "Orpha, Ruffin alisha kutoka mu shimo?" Mwezi wa pili mwaka huu shimo la jirani likabomoka, na wenzake wawili hawakupanda tena. Papa akamwita Ruffin kitandani kwake hospitalini.

"Mutoto wangu, ile shimo itakukula. Usirudie."

Ruffin akafunika kichwa. "Ah, Papa, nyundo!"

Hata muuguzi alicheka. Papa hakucheka. Alifariki tarehe 21 Aprili.

Ameacha mjane, Mama Émérence. Watoto wawili, mimi na Ruffin. Na mjukuu mmoja, Jaël. Ruffin ametuambia kwamba matanga yakiisha atashuka tena shimoni. Naogopa, ndugu zangu. Jana sanduku lilipofika nyumbani, nilikaa nikilitazama, nikingoja Papa ainuke aweke miwani sawa. Hakuinuka. Basi nasema mimi: Ruffin, usishuke. Funika kichwa ukitaka, lakini usishuke.

Pumzika kwa amani, Papa. Hofu yako tumebaki nayo sisi.