Mistari Mitano ya Shule ya Kamisawa

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na minne ya kupanga nota za muziki tayari kwa kuchapwa katika ofisi yetu hapa Akita, Bi Kuwabara Setsuko anastaafu. Nimekaa meza ya jirani muda wote huo nikidhani namjua. Kumbe!

Alianza kwa kalamu na rula. Kompyuta zilipokuja, wengine tulinung'unika. Yeye akajifunza kuiandikia programu ya nota amri zake mwenyewe: hii ikoleze maneno ya wimbo, ile iyasogeze yasigongane. Programu ikigoma, huikaripia, kisha huiinamia kuiomba radhi. Hayo tuliyazoea.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwaka jana Shule ya Kamisawa ilifungwa kwa kukosa watoto, nasi tukapewa kazi ya kitabu cha kumbukumbu pamoja na karatasi za wimbo wa shule, uimbwe mara ya mwisho kwenye sherehe ya kuiaga. Sherehe ikiwa kesho, mchapaji akapiga simu: "Mistari yenu ina uchafu!" Bosi wetu, Bwana Toyama, akatazama kwa kioo cha kukuzia, akaketi sakafuni. Bi Kuwabara alikuwa ameandika amri ya kuichora ile mistari mitano inayobeba nota kwa herufi ndogo kuliko ufuta: majina ya wote waliowahi kusoma pale, yaliyokusanywa kwa ajili ya kile kitabu cha kumbukumbu.

"Mama wee, umetuua! Nani kakutuma?" bosi akamaka.

Hakuna aliyemtuma. Muda wa kurekebisha haukuwepo, zikachapwa hivyo hivyo.

Kesho yake ukumbini, mwalimu alipoanza kupiga kinanda, mama mmoja aliyesoma pale akapiga ukelele: "Jamani, mistari ni sisi!" Basi hakuna aliyeimba. Miwani ikatolewa, vidole vikatambaa kwenye karatasi, kinanda kikaishia peke yake. Wimbo wa mwisho, na watu kimya! Bi Kuwabara alinishika mkono. "Nimewaharibia wimbo wao," akanong'ona.

Ndipo aliposimama Bibi Hamaguchi, mwenye miaka tisini, ambaye kaka yake alifariki akiwa darasa la pili hapo hapo shuleni. Kidole chake hakikuondoka kwenye karatasi.

"Yumo," akasema. "Mwalimu, anza upya. Sasa tumetimia."

Wakaimba mpaka madirisha yakatikisika. Mimi nililia bila aibu.

Bi Kuwabara, asante, hata kwa kututia kiwewe. Uzee wako uwe wa afya, raha na watu wengi karibu.