Goronwy Pritchard, Mtu wa Filamu: 1938–2004

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu asingekubali wasifu wake usomwe na mimi. Mimi ni Islwyn Beynon, kaka wa mjane, na maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mtu wa video. Yeye alikuwa mtu wa filamu. Aliyeamua nisome ni dada yangu Eluned, na nyote mnajua Eluned akishaamua jambo.

Goronwy Pritchard alizaliwa hapa Treherbert tarehe 14 Machi 1938, mtoto wa pili wa mchimba makaa Elis Pritchard na mkewe Blodwen. Baba yake aliapa kwamba kijana huyu hatakanyaga mgodini, na kweli hakukanyaga.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari ya Porth, akamaliza mwaka 1954. Walimu walimsifu kwa kuchora, wakamlaumu kwa mengine yote. Jumamosi alisaidia kuendesha mashine kwenye jumba la sinema, na huko ndiko alikopotelea. Mama yake alilalamika kwamba mtoto alikuwa akirudi nyumbani kichwa kimejaa picha, mchuzi wa kondoo unapoa mbele yake, wala hana habari.

Mwaka 1961 aliajiriwa na kituo cha televisheni Cardiff, akapanda hadi kuwa mpiga picha mkuu wa filamu. Enzi zile tamthilia zilitengenezwa kwa mtindo mmoja: mambo ya ndani sisi wa video, mimi nikiwemo, tulirekodi studio, na mambo ya nje walipiga kina Goronwy kwa filamu, ule mkanda wa kusafishwa maabara. Basi katika ile tamthilia yetu ya duka la mikate, mwigizaji akiwa ndani alikuwa kwangu. Mwanga mweupe kila pembe, unga kwenye kucha unauona, akigeuka unahisi amegeuka sasa hivi, jikoni kwako. Akifungua mlango tu, yuko kwa Goronwy. Barabara imelainika, vivuli vizito, rangi zimetulia, kila kitu kizuri na kiko mbali kidogo. Mama Blodwen alitazama kipindi cha kwanza, akamgeukia mwanawe: "We Goronwy, mbona kila anayetoka dukani anatokea mwaka mwingine?" Goronwy alifurahi mno. Aliichukua kama sifa.

Eluned alikuwa mshonaji na mtunza mavazi wa tamthilia hiyohiyo. Kuna koti la kijani lililomtia wazimu: ndani lilikuwa kijani, likitoka nje linakuwa la kijivu. Akamfuata marehemu mlimani alikokuwa akipiga picha, akiwa ameviringisha lile koti mkononi. "Wewe ndiye unayenibadilishia rangi?" Goronwy akamjibu, "Rangi yake ndiyo hii. Ni kaka yako anayelipaka." Walifunga ndoa kanisani Treherbert tarehe 1 Julai 1972. Marehemu alikuwa ameomba rafiki yake apige filamu, kisha akatusimamisha sote mlangoni, bibi harusi na mchungaji pamoja, tusubiri wingu lipite. Wingu halikupita. Eluned akasema kwa sauti, "Bwana, unaoa au unafanya kazi?" Akaoa. Mwaka 1975 Mungu aliwajalia binti, Mererid.

Mwaka 1985 kituo kiliamua hata mambo ya nje yarekodiwe kwa video. Wapiga picha wa filamu waliambiwa wajifunze kamera mpya au waondoke. Goronwy aliijaribu siku moja tu, kwenye mlima huu mnaouona hapo nyuma. Alipotazama picha alisema, "Mlima huu naujua tangu utoto. Hamkuniambia mtauvua nguo." Akairudisha kamera, akaandika barua ya kuacha kazi. Eluned alikasirika vibaya: "Na mtoto utamlisha nini, vivuli?" Goronwy alifungua studio ndogo ya picha Tonypandy, akapiga maharusi na watoto wa shule mpaka alipostaafu. Haikuwa rahisi. Lakini hakushika video tena, hata kwenye sikukuu za kifamilia. Kila Jumapili, mezani kwa Eluned, vita vilianza kabla viazi havijafika.

"Shemeji, picha zako ni taarifa ya habari."

"Zako ni ndoto ya mtu aliyeshiba."

"Heri ndoto!"

"Nyamazeni wote wawili," Eluned alisema, "nyama inapoa." Jamani, Jumapili hizo nitazililia.

Mwezi Aprili mwaka huu alianza kukohoa. Hospitali ya Llantrisant waligundua saratani ya mapafu. Wakati huohuo Mererid, aliyekuwa ametafuta mtoto kwa miaka, alitupa habari kwamba ni mjamzito, atajifungua Januari. Marehemu alimuuliza daktari swali moja tu: "Januari nitakuwepo?" Daktari, mtu mkweli, akasema hadhani.

Mwezi Oktoba alinipigia simu. "Islwyn, njoo na hiyo takataka yako." Nilifika na kamera ya video, nikidhani ananitania. Nikamwambia kamera yake ya filamu ipo, rafiki zake wa zamani watakuja leo hii wakiitwa, na watampiga vizuri.

"Ndiyo tatizo," akasema. "Watanipiga vizuri. Mtoto ataona mzee mmoja mzuri wa zamani, ataniheshimu basi. Sitaki heshima, shemeji. Nataka adhani niko chumba cha pili, nimeenda kuchemsha chai."

Hakukubali kuchana nywele wala taa iwashwe. Alimwambia mtoto habari za mlima, na jinsi ya kumjua bibi yake akikasirika. Akakohoa sana. Nikataka kusimamisha, akanikatalia kwa kidole. Nikaendelea kurekodi. Picha imeyumba hapo, na nimeiacha hivyo hivyo.

Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 9 Novemba 2004, Eluned na Mererid wakiwa wamemshika mikono.

Ameacha mjane wake Eluned, binti yake Mererid na mkwewe Gethin, dada yake Ceinwen, mimi shemeji yake, na mjukuu tunayemngoja Januari, ambaye babu yake ameshamsalimia.

Mungu ampe pumziko lenye amani.