Bi Kazija Hataki Saruji

Tarehe 30 Juni, Bi Kazija Haroub atakabidhi funguo za banda la vifaa baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukitunza kiwanja cha udongo cha Klabu ya Tenisi Bondeni, hapa Pemba, pembezoni mwa Gombani. Sheria inasema ametimiza miaka sitini, apumzike. Yeye anasema sheria hiyo haijamuuliza. Mimi Rahila, mtunza stoo wa klabu, nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake katika jarida letu, na nimeombwa niandike kwa upole. Nitajaribu.

Bi Kazija ni mzaliwa wa Wingwi. Alipoajiriwa mwaka 1994 aliletwa kufagia, basi. Kiwanja chenyewe kilikuwa udongo mwekundu uliomwagwa na kukanyagwa. Masika kilikuwa uji, na kiangazi vumbi lake liliingia mpaka kwenye chai ya wanachama. Mpira ukiupiga huku, unadunda kule. Mwaka wa kwanza Bi Kazija alitazama tu. Wa pili akaanza kusema, na tangu hapo hajanyamaza.

Kwao, alipokuwa msichana, wanawake walikuwa wakialikana kupiga sakafu ya nyumba mpya. Hujipanga mstari, wakashindilia kwa vipande vya mti huku wakiimba, mpaka sakafu ikakaza. Basi alipotaka kiwanja kijengwe upya akaambiwa mashine ya kushindilia haipo, aliwaita shoga zake. Chini wakapanga mawe, juu yake changarawe, halafu unga wa matofali ya kuchoma, na kila tabaka lilipigwa kwa nyimbo kabla jingine halijamwagwa. Nyimbo nyingine, tusemezane kweli, zilikuwa za kuisema kamati. Kiwanja kikatoka bapa, chenye mteremko mdogo wa kutolea maji ambao jicho haliuoni. Kukilainisha anatumia wavu mkuukuu wa dagaa aliouomba kwa wavuvi wa Kiuyu, na mpaka leo anauburura kila asubuhi.

Ukali wake nao una historia. Kuna mgeni rasmi mmoja, simtaji, aliyekuja kufungua mashindano na viatu vyake vya ngozi vyenye visigino. Bi Kazija alimsimamisha kwenye mstari, akamwamkia kwa adabu zote, akamtaka avivue. Mgeni akavivua, na hotuba akaitoa akiwa na soksi tu. Kamati nzima ilitazama chini kwa haya, lakini Bi Kazija hakuona haya.

Kisha Mhandisi Abdulnasir, mwanachama wetu, akaja na wazo jipya: kiwanja kinyweshwe kutoka chini. Mabomba yenye matundu yalazwe chini ya udongo, tangi liwekwe juu ya mnara, maji yapande polepole badala ya kumwagwa juu yakakaushwa na jua kabla ya saa nne. Bi Kazija alibisha kweli kweli. Walipojaribu kona moja akaona unyevu umekaa mpaka alasiri, alisema mbele ya watu wote kwamba mhandisi yuko sawa. Mhandisi naye akakubali kuyasogeza mabomba pale alipotaka Bi Kazija. Walizozana kama ndugu wa tumbo moja na wakaimaliza kazi pamoja. Tangu hapo kiwanja hakitoi vumbi, na mvua ikikatika tunacheza mapema, maana mabomba yale yale huyapeleka maji ya ziada mtaroni. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sasa tufike kwenye karafuu. Nimeombwa habari hii niiruke. Siiruki.

Mwaka juzi karafuu zilizaa sana, na palipo wazi pote pakaanikwa: barazani, skuli, kando ya barabara. Bi Kazija alikuwa Wingwi kwenye arusi ya mwanawe. Mwenyekiti wetu, Mzee Hudhaifa, alikitazama kiwanja akakiona kipana, jua tele, na uzio wa kuzuia mbuzi. Akatandika majamvi, akamwaga karafuu zake zote. Lakini maji ya mabomba ya chini yalikuwa yamefunguliwa, kwa maagizo ya Bi Kazija mwenyewe, kwa sababu udongo usipokunywa hupasuka. Unyevu ukapanda, majamvi yakaloa kwa chini, karafuu zikavunda zikawa mpeta, nyeupenyeupe, hazina daraja. Bi Kazija aliporudi aliisikia harufu tangu getini. Alimpa mzee pole, tena ya moyoni, maana taabu ya kuchuma anaijua. Kisha akainama kuokota makonyo, vile vijiti vya karafuu, yaliyonasa udongoni, moja moja. Radhi hakuomba, na aombe ya nini?

Tangu siku ile ndipo tulipoanza kusikia habari ya saruji. Eti udongo umepitwa na wakati. Eti saruji haitaki maji wala mtu. Loo! Na saruji ikipigwa na jua la saa saba, nani atasimama juu yake? Na magoti ya watoto wetu je? Hayo hayasemwi. Wala haisemwi kwamba sakafu ya saruji ni mahali pazuri mno pa kuanikia karafuu. Mzee Hudhaifa ni mtu mwema na klabu hii ameihangaikia, lakini katika hili tunamwambia waziwazi: hapana, mzee wetu, hatukubali.

Hoja yake kubwa ni kwamba Bi Kazija akiondoka hakuna wa kukitunza kiwanja. Yupo. Shamima Jecha, mama wa watoto wawili, amefundwa na Bi Kazija kwa miaka mitatu, na masika hii yote kazi imekuwa mikononi mwake. Bi Kazija alikaa kwenye ngazi, akinywa chai na kukosoa. Kiwanja hakikupasuka, na Shamima hakulia zaidi ya mara moja.

Katika mkutano mkuu wa Aprili wanachama walipiga kura. Udongo na saruji vikalingana. Kwa kanuni zetu kura zikilingana mkutano hurudiwa, na Mwenyekiti akaupanga uwe tarehe 12 Julai, Bi Kazija akiwa ameshaondoka. Wengi wetu tulikata tamaa. Yeye siku ile alikuwa nje ya mlango, kwa sababu kanuni hizo hizo zinasema mwajiriwa wa klabu hawezi kuwa mwanachama.

Haya. Kuanzia tarehe mosi Julai, Bi Kazija si mwajiriwa. Ameomba uanachama, wadhamini wake ni Mhandisi Abdulnasir na Mwalimu Asya, aliyejifunza kushika raketi hapa hapa. Kamati imetafuta sababu ya kumkataa, haikuipata.

Bi Kazija, ahsante kwa kila asubuhi uliyotuamkia, na kwa maneno yako makali ambayo mengi tuliyastahili. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, riziki ya halali na raha na wajukuu zako. Pumzika, dada yetu, lakini tarehe 12 Julai usichelewe. Hukai tena nje ya mlango, tumekuwekea kiti mstari wa mbele. Kura zilikuwa sawa kwa sawa, na yako ilikuwa bado haijapigwa.